Darubini Ile Ile, Bei Mbili

Wawindaji wana ubishi usioisha. Mmoja kanunua darubini ya bunduki kwenye duka kubwa lenye matawi kila mahali, kwa bei nafuu, na anajiona mjanja. Mwenzake kanunua kwa fundi bunduki mwenye kiduka chake, kalipa zaidi, na anaapa kwamba zile za duka kubwa ni "daraja la pili": jina lile lile, vioo vya ovyo. "Rahisi ghali," anamalizia, kana kwamba methali ni ushahidi.

Hilo la daraja la pili ndilo linalosemwa sana, na kwa sehemu kubwa si kweli. Darubini mbili zenye namba ya modeli inayofanana mpaka herufi ya mwisho ni bidhaa moja, hata kama moja imetoka kwenye rafu na nyingine kwenye kabati la fundi. Kiwanda hakina faida ya kuficha nzuri na mbaya chini ya namba moja. Kampuni ya darubini kama Vortex inatoa dhamana ya maisha bila kudai risiti, kwa hiyo kinachoharibika kinarudi mlangoni kwake, awe amekiuza nani.

Ila itazame namba hiyo kwa makini. Maduka makubwa huagiza modeli zao wenyewe. Boksi ni lile lile, rangi ile ile, maandishi ya 3-9x40 yale yale (ukuzaji wa mara 3 hadi 9, lenzi ya mbele ya milimita 40), lakini mwishoni mwa namba ya modeli pana herufi moja ya ziada. Herufi hiyo inamfaa muuzaji mara mbili. Kwanza, huwezi kulinganisha bei na duka jingine, kwa sababu duka jingine halina modeli hiyo. Pili, mtengenezaji anapata nafasi ya kubana gharama pale ambapo jicho la mnunuzi halifiki. Sisemi kila modeli ya namna hiyo ni mbovu. Cabela's, duka kubwa la vifaa vya uwindaji Marekani, liliwahi kuuza kwa jina lake darubini zilizotengenezwa na Meopta ya Jamhuri ya Czech, na Meopta si kiwanda cha kubeza. Ninachosema ni kwamba herufi moja ikitofautiana, ichukulie kuwa bidhaa nyingine na uikague upya.

Gharama hubanwa wapi? Mara nyingi kwenye utando wa lenzi, yaani tabaka jembamba linalopakwa juu ya kioo ili mwanga upite badala ya kurudi. Kioo kitupu hurudisha nyuma karibu asilimia 4 ya mwanga kila unapovuka kutoka hewani kuingia kiooni au kutoka kiooni kwenda hewani. Chukua darubini yenye nyuso 10 za namna hiyo: bila utando, mwanga unaofika jichoni ni theluthi mbili tu ya ule ulioingia. Utando wa tabaka nyingi ukishusha upotevu hadi nusu asilimia kwa kila uso, unabaki na asilimia 95. Sasa soma boksi. "Lenzi zina utando" inaweza kumaanisha tabaka moja kwenye baadhi ya nyuso. "Nyuso zote, tabaka nyingi" ni ahadi nyingine kabisa. Maneno machache tu, lakini ndiyo yanayoamua kama jioni utaona mnyama au kivuli chake.

Na dukani hutaiona tofauti hiyo. Chini ya taa nyeupe za duka kubwa, ukiielekeza darubini kwenye bango lililo mwisho wa ujia, ya bei ya chini na ya bei ya juu zinafanana kama mapacha. Hapo ndipo wengi wanapouziwa mbuzi kwenye gunia. Fundi anayejua kazi yake anakutoa nje jua linapozama, anakuambia utazame shina la mti lililo kivulini, kisha anakupa ya pili. Wakati mwingine anakuambia jambo ambalo linampunguzia mauzo. Gawanya upana wa lenzi ya mbele kwa ukuzaji: 40 kwa 9 ni milimita 4.4, nao ndio upana wa mwanga unaotoka kuingia jichoni. Mboni ya kijana gizani hufunguka hadi milimita 7 hivi. Punguza ukuzaji uwe 6, upana unafika milimita 6.7 na picha inang'aa. Kwa hiyo darubini ya kawaida kwenye 6 inaweza kukufaa jioni kuliko ya gharama iliyoachwa kwenye 9. Ushauri huo hauna stika ya bei, lakini mtu anaupata kwa kulipia pango la duka na miaka ya kazi.

Ndiyo maana suala la bei limewahi kufika mahakamani. Mwaka 2007 Mahakama ya Juu ya Marekani, katika kesi ya kampuni ya Leegin, ilifuta kanuni iliyodumu tangu 1911 ya kumkataza kabisa mtengenezaji asikubaliane na muuzaji juu ya kima cha chini cha bei, yaani bei ambayo muuzaji hatakiwi kushuka chini yake. Kesi yenyewe ilihusu mikanda na mikoba ya kina mama, lakini moja ya hoja inahusu darubini vilevile: mteja anapata maelezo kwenye duka linalojali, kisha anakwenda kununua kwenye duka linalopunguza bei, na lile la kwanza linaishia kufanya kazi ya bure. Umoja wa Ulaya umeshika msimamo mkali zaidi. Huko kumpangia muuzaji kima cha chini cha bei ni marufuku.

Katika biashara ya darubini Marekani, kampuni nyingi huweka kima cha chini cha bei ambayo muuzaji anaruhusiwa kuitangaza. Matokeo yake, kwenye darubini za kati na za juu, pengo kati ya duka dogo na kubwa ni dogo kuliko watu wanavyodhani. Tena masharti hayo kwa kawaida hulibana tangazo, si mazungumzo ya kaunta. Mwenye duka dogo anaweza kukuuzia chini ya bei iliyobandikwa ukimuuliza kwa adabu. Mhudumu wa duka kubwa hana mamlaka hayo hata akikupenda. Pengo la kweli lipo kwenye zile za bei ya chini kabisa, ambako duka kubwa linaagiza kwa makontena na duka dogo linaagiza kwa boksi. Hapo fundi hawezi kushindana, na akijaribu kukushawishi kwamba yake ni bora ilhali namba ni ile ile, anakudanganya.

Lakini mimi naona ubishi wote huu wa vioo unafunika kitu kikubwa zaidi: ufungaji. Darubini inakaa juu ya bunduki kwa pete mbili. Tuseme zimeachana sentimita 10. Skrubu ikalegea, pete moja ikapanda kwa unene wa karatasi, yaani milimita 0.1. Kwa mita 100 risasi imeshahama sentimita 10. Hakuna utando wa lenzi utakaokuokoa hapo. Ukikaza kupita kiasi nako, unaubana mrija hadi vifundo vya kurekebishia vinagoma. Skrubu za pete huhitaji karibu nyutonimita 2 tu (nyutonimita ni kipimo cha nguvu ya kukaza), na hilo halipimwi kwa nguvu ya kiganja. Bunduki zinazouzwa na darubini ikiwa tayari juu ndizo ninazozitilia shaka kuliko zote: teke la risasi chache za mwanzo linatosha kukuonyesha kama aliyefunga alikuwa na haraka.

Lipo pia suala la vilivyorudishwa. Duka kubwa hupokea bidhaa bila maswali mengi, nayo ni faida halisi, kwani fundi mara nyingi hakurudishii pesa. Ila kilichorudishwa huweza kupanda tena rafuni. Niliwahi kufungua boksi lililoonekana jipya, nikapitisha kidole kwenye mrija na kukuta mikwaruzo miwili ya duara, mmoja mbele, mmoja nyuma. Ilikuwa imeshafungwa kwenye bunduki ya mtu.

Kwa anayejua kufunga mwenyewe na ana bisibisi ya kupimia mkazo, sioni sababu ya kumlipa fundi zaidi kwa namba ile ile. Asiyejua akinunua kwenye duka kubwa atalipia pete, ufungaji na risasi za kulengea baadaye, na ile nafuu itakuwa imeyeyuka. Naye mwenye duka dogo anayekukabidhi boksi lililofungwa na kurudi kwenye simu yake hana anachokuuzia zaidi ya duka kubwa, isipokuwa bei. Baadhi ya mafundi wameshalielewa hilo: wanauza darubini karibu na bei ya duka kubwa, kisha wanatoza kufunga na kulenga kama kazi peke yake, hata kwa darubini iliyonunuliwa kwingine.