"Asiwe na mtoto mdogo": ni roho mbaya au ni hesabu?

Kuna hadwea moja hapa Nkuhungu, Dodoma, nanunuaga misumari, juzi nakuta mlangoni kipande cha boksi kimeandikwa kwa maka peni ANAHITAJIKA DADA WA KUUZA ASIWE NA MTOTO MDOGO. Nikamuuliza mwenye duka, mzee wangu, mtoto kakukosea nini? Akacheka. "Kijana, aliyeondoka mwanae akiumwa tu duka linashinda limefungwa, hiyo hasara unanilipa wewe?"

Wachumi wana maelezo mawili hapo. Gary Becker, Mmarekani, aliandika 1957 kwamba bosi mbaguzi anailipia chuki yake mwenyewe, maana anamwacha mchapakazi kisa hampendi, halafu jirani yake asiye na habari na mambo hayo anamchukua na kumpiga bao sokoni, kwa hiyo ushindani taratibu utaumaliza ubaguzi. Tamu kusikia. Ila hiyo inataka wafanyakazi wawe adimu bwana, hapa Dodoma ukibandika boksi asubuhi, kufika saa sita wameshapita kibao na wengine wana digrii za UDOM, sasa ukimkataa mmoja kwa sababu ya mtoto au kabila unapoteza nini? Anayefuata kashasimama kaunta. Kubagua kunakuwa bure kabisa.

Maelezo ya pili yalikuja miaka ya 70 kwa wachumi wengine, kina Phelps na Arrow: bosi hana chuki, tatizo hamjui huyo mtu, na kumjua ni gharama, basi anamhukumu kwa kundi lake. Mzee wangu yuko hapa, na kusema ukweli simuoni shetani. Sheria inampa mama siku 84 za likizo ya uzazi na mshahara, kampuni kubwa haishtuki, ila duka la watu wawili utalisikia.

Lakini hesabu yenyewe ina tobo. Takwimu yake ni dada mmoja! Na hao anaowakataa hatojua kamwe wangechapaje kazi, kwa hiyo hakuna siku atagundua kakosea. Halafu watu nao wanajipanga kwa kudanganya, namjua dada mmoja kwenye intavyuu alisema mwanae ni mdogo wake, sasa mtoto akiumwa atamwambia nini bosi? Lazima atoroke, na bosi ataona si nilisema.

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004, kifungu cha 7, inakataza kumbagua mtu kwa majukumu ya familia, imeandikwa kabisa. Ila nani atapanda daladala kwenda kushtaki kazi ambayo hata hakuipata.

Mzee alipata dada asiye na mtoto. Wiki ya tatu kapata kazi Mtumba huko, kwenye mji wa serikali, kaondoka hata kuaga hakuaga. Jana nimepita kununua bawaba, boksi limerudi mlangoni, lile lile, hajabadilisha hata neno.