Swichi mpya ikitoka kwenye boksi usiiache ijiamulie

Wengi wanaojenga mtandao wa kampasi, yaani majengo kadhaa yanayotumia mtandao mmoja, wanaanza na swali la tununue swichi ngapi, vile vifaa vya kuunganisha kompyuta kwa kebo, na za spidi gani. Zikifika wanazifunga kwenye raki, wanachomeka faiba, taa zinawaka, kompyuta zinapata intaneti, watu wanapeana mikono na kazi inahesabika imeisha. Mi nasema hapo kazi yenyewe haijaanza. Ruta usipoiseti haikufikishi popote, utalazimika tu kukaa chini ufikirie, lakini swichi inapitisha data tangu dakika ya kwanza hata kama hujaigusa, na hicho ndo kinachotuponza, maana kila jambo ambalo hukuliamua wewe kuna mtu kiwandani alishakuamulia, na huyo mtu hajui una majengo mangapi, hajui nani anakaa wapi wala faiba yako imepita njia gani.

Nianze na suala la ruti, yaani ile swichi moja inayochaguliwa iwe kiongozi wa zingine, maana ndo linaloniuma kuliko yote.

Ukitaka mtandao usilale siku faiba moja ikikatwa unaweka njia mbili kati ya swichi na swichi, hilo kila mtu analijua. Shida ni kwamba njia mbili zinatengeneza duara, na fremu ya Ethernet, yaani kifurushi cha data kinachopita kwenye swichi, haina kile kihesabio ambacho pakiti ya IP inacho, kinachopungua kila ikipita kwenye ruta mpaka pakiti inatupwa. Fremu ya broadkasti, ile inayotumwa kwa kila kifaa, ikiingia kwenye duara inazunguka, inazaliana, inazunguka tena, na laini ya gigabiti 1 inaweza kubeba karibu fremu ndogo milioni 1.49 kwa sekunde, kwahiyo ndani ya muda mfupi sana hamna nafasi ya kitu kingine. Mwaka 1985 Radia Perlman, akiwa Digital Equipment Corporation, ndo akabuni STP (Spanning Tree Protocol): swichi zinaongea zenyewe kwa zenyewe, zinachagua moja iwe ruti, kila moja inatafuta njia yenye gharama ndogo (sio hela, ni namba inayopungua spidi ya laini ikiongezeka) ya kwenda kwa ruti, na njia zilizobaki zinafungwa zikisubiri siku ya kuhitajika. Duara linakuwa mti. Kila nikiifikiria ile kazi namheshimu upya yule mama, miaka yote hii bado tunaitegemea.

Sasa ruti inachaguliwaje? Mwenye namba ndogo ndo anashinda, na namba yenyewe ni kipaumbele kikifuatiwa na anwani ya MAC, ile ambayo kifaa kinatoka nayo kiwandani. Kutoka kiwandani kipaumbele ni 32768 kwa kila swichi, kwahiyo kama hujagusa kitu zote zinatoka sare na kinachoamua ni MAC ndogo, na kwenye swichi za kampuni moja mara nyingi MAC ndogo iko kwenye swichi ya zamani. Umeshaona inakoelekea.

Niliwahi kuitwa sehemu moja wanalalamika mtandao unakuwa mzito kila ikifika mchana. Walishabadilisha ruta, walishaongeza bandwidi kwa mtoa huduma mara mbili, hamna nafuu. Swichi za kati walikuwa nazo mbili, mpya kabisa, zimeunganishwa kwa faiba ya gigabiti 10, ukiziangalia unasema hapa hapana shida. Nikaingia kwenye ya kwanza nikaiuliza ruti ni nani, ikanipa anwani ya MAC ambayo pale ofisini hakuna aliyeitambua. Tukaanza kuifuata poti kwa poti mpaka tukafika kwenye chumba kidogo nyuma ya maabara, juu ya kabati, swichi ya megabiti 100 imejaa vumbi, feni inalia, ina kebo mbili tu zinazoondoka pale, moja kwenda kila swichi ya kati. Mtu aliyeifunga alishaacha kazi zamani. Piga hesabu utaelewa kilichokuwa kinatokea: kwenye STP ya zamani laini ya megabiti 100 ina gharama 19 na ya gigabiti 10 ina gharama 2, swichi ya kati ya pili ikienda kwa ruti moja kwa moja ni 19, ikipitia kwa mwenzake ni 21, basi inachagua ya moja kwa moja na ile faiba ya gigabiti 10 inafungwa. Faiba mpya imelala, na kila kitu kinachotoka upande mmoja wa kampasi kwenda upande wa pili kinapita kwenye kiswichi cha juu ya kabati!

Dawa ilikuwa mistari miwili. Swichi ya kati ya kwanza kipaumbele 4096, ya pili 8192, ili ya kwanza ikifa ya pili ishike (namba lazima ziende kwa hatua za 4096, ukiandika 5000 swichi inakataa). Mchana uliofuata mtandao ukawa mwepesi na ile hela ya bandwidi walishailipa mara mbili bure. Hii inaniuma kwa sababu wale jamaa hawakuwa wavivu, walihangaika sana, ila hamna aliyewahi kuwaambia kwamba kuna uchaguzi unafanyika mle ndani na wao hawajapiga kura.

Kuna wanaoniambia saivi mambo ya STP yamepitwa, unachukua swichi mbili za kati unazifanya zionekane kama moja, laini zote mbili zinafanya kazi kwa pamoja na hakuna iliyolala. Sawa kabisa, uwezo ukiwepo fanya hivo, mi mwenyewe napenda. Lakini usizime STP. Duara linalokuja kukuangusha mara nyingi halitoki kwako, linatoka kwenye chumba cha mikutano, mtu kamaliza kikao anaona kebo inaning'inia ukutani, anaona vibaya kuiacha hivo, anaichukua ile ncha na kuichomeka kwenye tundu la jirani. Amefanya usafi! Au mtu ana tundu moja na kompyuta tatu, ananunua kiswichi kidogo anakiweka chini ya meza, baadae mwenzake anakivutia kebo ya pili. Hao watu sio wa kulaumiwa, poti iliyo wazi inamkaribisha yeyote. Wa kulaumiwa ni aliyeiacha poti ya mtumiaji ikiwa na tabia ileile ya poti inayounganisha majengo.

Poti ya mtumiaji iseti kama poti ya mtumiaji. Iambie hapa inakaa kompyuta kwahiyo ifunguke papo hapo, maana kwenye STP ya zamani poti inasubiri sekunde 15 mara mbili kabla haijapitisha kitu, nusu dakika nzima, na kuna kompyuta zinakata tamaa ya kutafuta anwani ya IP kabla hizo sekunde hazijaisha, alafu mtumiaji anakupigia simu kila asubuhi kwamba mtandao hamna mpaka achomoe kebo na kuirudisha. Alafu hapohapo weka ulinzi wa BPDU, yaani poti ikisikia ujumbe wa STP kutoka kwa mtumiaji ijifunge, kwa sababu kompyuta ya kawaida haitumi hizo, ukizisikia kuna swichi kule. Viswichi vingine vidogo vinazimeza hizo jumbe kwahiyo ongeza na kikomo cha broadkasti kwenye poti. Na STP yenyewe tumia ile ya haraka iliyotoka 2001, hamna sababu ya kubaki na ya zamani kama vifaa vinaikubali.

Ukiwa hapo kwenye poti za watumiaji washa na ulinzi wa DHCP, ule mfumo unaozigawia kompyuta anwani za IP. Hili dalili yake ukishaiona mara moja huisahau. Watu wa ghorofa moja wanasema intaneti hamna, wengine wanayo, ukiangalia kompyuta ya mmoja unakuta ina anwani inayoanza na 192.168.1 wakati kampasi nzima inatumia zinazoanza na 10. Mtu kaleta ruta yake ndogo ya Wi-Fi kutoka nyumbani, kaichomeka kwa poti za LAN, sasa inagawa anwani kwa jirani wote. Swichi ikiwa imeambiwa kwamba majibu ya DHCP yanakuja kutoka juu tu, hiyo ruta inaongea peke yake na hakuna anayeisikia.

Sasa VLAN, yaani kuugawa mtandao kuwa mitandao midogo iliyotengana ndani ya swichi zilezile. Hapa najua wapo watakaobishana na mimi. Msimamo wangu ni kwamba VLAN isivuke jengo. Kila jengo liwe na VLAN zake, za wafanyakazi, za wanafunzi, za simu, za kamera, na kati ya jengo na kitovu, yaani zile swichi za kati, pawe na rutingi (data ipitishwe kwa anwani za IP kama ruta inavyofanya), sio VLAN iliyonyooshwa kampasi nzima. Najua inavutia kuwa na VLAN moja ya uhasibu inayofika kila mahali walipo wahasibu, kwenye karatasi inapendeza. Lakini ukinyoosha VLAN umenyoosha na matatizo yake, duara la jengo la mwisho linaangusha jengo la kwanza. Nimekuta mtandao wa /16 mmoja, nafasi ya anwani 65,534, wote ndani ya VLAN 1 kwa sababu ndo VLAN swichi inayokuja nayo, na kila printa ikipiga kelele wanasikia wote. Ukigawa kwa /24 una anwani 254 kwa kila kipande, na kukiharibika unajua umwite nani.

Sio nadharia hii. Novemba 2002 hospitali ya Beth Israel Deaconess kule Boston, Marekani, ilikaa siku kadhaa bila mtandao wa kutegemewa, madaktari na maabara wakarudi kwenye makaratasi, na chanzo kilikuwa STP iliyolemewa kwenye mtandao uliokuwa umeongezwaongezwa kipande baada ya kipande. STP ya mwanzo na muda wake wa kawaida ilipangiwa mtandao usiozidi swichi saba kutoka ncha moja mpaka nyingine. Kila anayeunga swichi nyuma ya swichi nyuma ya swichi kwa sababu faiba ya kufika kitovuni ni gharama, namuomba ahesabu kwanza.

Wanaopinga wana hoja mbili za kweli. Swichi zenye rutingi ni ghali zaidi, ni kweli, ila huhitaji kila swichi iwe nayo, ile moja ya kupokea jengo inatosha na za kwenye maghorofa zibaki za kawaida. Ya pili ni Wi-Fi, mtu anatembea na simu jengo hadi jengo hataki anwani ibadilike njiani. Hapo nakubali, Wi-Fi ipange tofauti, trafiki yake iende mpaka kwenye kidhibiti cha Wi-Fi kwa handaki, yaani ikiwa imefungwa ndani ya pakiti zingine, lakini usiitumie Wi-Fi kama sababu ya kunyoosha VLAN za kompyuta za mezani ambazo hazijawahi kuhama meza.

Na andika. Kwenye kila poti ya kuunganisha andika inakwenda wapi, kwenye swichi na kwenye kebo yenyewe, maana ile safari yetu ya kufuata poti kwa poti ilikula nusu siku na lebo mbili zingeifanya dakika kumi.

Kabla sijakabidhi mtandao siku hizi naomba usiku mmoja, na naomba mwenye mtandao awepo chumbani. Tunaanzisha pingi, vile vijumbe vya kuuliza upo na kusubiri jibu, kutoka kompyuta ya jengo la mbali kwenda kwenye seva, alafu yeye mwenyewe kwa mkono wake anachomoa faiba moja, tunahesabu pingi zilizopotea, tunaandika. Anairudisha, tunahesabu tena. Alafu anazima swichi ya kati ya kwanza kabisa, umeme. Hapo mara nyingi chumba kinanyamaza, watu wote macho kwenye ile skrini, mpaka majibu yaanze kurudi.