Bomba la tangi la samaki halipaswi kukoroma

Mama alipokuja kututembelea Dar, tulimlaza chumba kinachopakana na sebule. Saa nane usiku akanigongea mlango: "Mwanangu, amka, kuna bomba limepasuka huko." Bomba lilikuwa zima. Ni lile la tangi langu la samaki wa baharini, nililolifunga kwa mikono yangu, linameza maji na hewa kwa pamoja, glu-glu-glu, mpaka alfajiri.

Mpangilio wenyewe ni huu: maji ya tangi la juu hufurika ukingo na kuingia kwenye kisanduku cha pembeni, hushuka kwa bomba hadi tangi la pili ndani ya kabati, huchujwa, kisha pampu huyarudisha juu. Wengi hudhani kinachopiga kelele ni maji. Ni hewa, na dawa yoyote isiyoiondoa hewa bombani ni kupoteza muda. Niliwahi kusokomeza sponji kwenye mdomo wa bomba. Siku tatu za kimya, kisha sponji ikaziba kwa uchafu na maji yakapanda karibu yamwagike sakafuni. Nakusihi, usiijaribu.

Upo mtindo wa Durso: tii (kiungo chenye umbo la herufi T) juu ya bomba na kifuniko chenye tundu dogo la kupitisha hewa. Mkoromo hupungua, ila hewa bado inashuka na maji, na viputo vinabaki palepale. Kwenye maji ya chumvi hilo ni tatizo kubwa kuliko kwenye maji baridi, yaani yasiyo na chumvi, kwa sababu chumvi huvizuia viputo kuungana. Vinabaki vidogo kama vumbi, vinachelewa kupanda, pampu inavivuta na kuvirudisha juu. Tangi zima linaonekana lina ukungu. Vikipasuka juu ya maji hurusha chumvi. Kila wiki nilikuwa nafuta ukoko mweupe kwenye taa na nyaya.

Mimi sasa nasimama na mtindo wa Herbie. Umewahi kuona mtu akinyonya petroli kwa mpira? Mpira ukishajaa, mafuta yanashuka kwa nguvu na bila sauti. Bomba la kwanza lifanye hivyo hivyo: lijae maji matupu, na koki iwe chini yake. Unaibana koki taratibu mpaka maji kisandukuni yatulie juu ya mdomo wa bomba. Bomba la pili, ambalo mdomo wake uko juu zaidi, linakaa kavu likisubiri dharura.

Koki iwe geti valvu, ile ya kuzungusha mizunguko mingi. Bol valvu hufunga kwa robo mzunguko, ukiigusa tu umeharibu kipimo. Lakini geti valvu nyingi madukani ni za shaba, na shaba huua kamba, konokono na matumbawe. Tafuta ya plastiki (PVC) hata kama itakuchukua mwezi.

Bomba la dharura usilitie koki kabisa. Siku moja konokono alijibanza ndani ya koki ya bomba la kwanza. Kisanduku kikajaa, bomba la pili likaanza kunguruma, nikashtuka na kuwahi. Kelele hiyo naipenda, ni mlinzi.

Kingine ni umeme. Ukikatika, maji yote yaliyo juu ya ukingo hushuka, kwa hiyo tangi la chini libaki na nafasi ya kuyapokea. Ukirudi, bomba lazima litoe hewa yake lenyewe, na hapo ndipo nilipokosea. Nilikuwa nimezamisha mwisho wake kina cha kiganja kizima. Hewa ikakosa pa kutokea, bomba la dharura likanguruma karibu robo saa. Nikalikata mpaka likazama sentimita 2 na nusu tu. Sasa linakohoa dakika moja au mbili, linanyamaza.

Viputo vikirudi ghafla, angalia kwanza maji kwenye chumba cha pampu. Joto likizidi maji hupungua hapo, na pampu huanza kuvuta hewa. Ongeza maji yasiyo na chumvi, maana chumvi haiondoki na mvuke.

Ukimaliza kufunga, chomoa pampu, subiri maji yatulie, chomeka tena. Fanya hivyo mara tatu. Bomba likishindwa kuanza lenyewe hata mara moja, usitoke nyumbani ukaliacha.