Siyo Nyinyi Mliomng'oa

Ile video ya Harare imerudi tena. Spika Jacob Mudenda anasoma barua ya Robert Mugabe ya kujiuzulu, na hajafika mbali ukumbi unalipuka: wabunge wanaruka, wanakumbatiana, wanacheza. Ni tarehe 21 Novemba 2017. Kila chama tawala fulani huko duniani kinapoanza kumwonyesha kiongozi wake mlango, video hii hufufuka na kuzunguka kwenye magroup ya Mwanza, kuanzia Buhongwa hadi Igombe, ikiwa na maneno yaleyale chini yake: NGUVU YA UMMA. Safari hii kuna aliyeongezea vialama vya moto vitatu.

Pale Mwaloni Kirumba wiki hii mwezi ni mkubwa. Wavuvi wa dagaa wamepumzika, maana taa ya mtumbwini haishindani na mbalamwezi, kwa hiyo kijiwe cha kahawa kimejaa kuliko kawaida. Wapakiaji wa kayabo, samaki wa chumvi wa kwenda Kongo, wamekalia viroba vyenyewe, kashata mkono mmoja, simu mkono wa pili, na hukumu imeshatoka: "Wananchi wakichoka, wamechoka!" Mzee mmoja anapinga: "Hapana, ng'wanawane, yule kasalitiwa na watu wake." Basi kijiwe kimegawanyika, umma huku, usaliti kule, na hakuna hata mmoja aliyeuliza swali la maana: nani alipiga kura, walikuwa wangapi, na walikuwa wanaogopa nini?

Wananchi huchoka mapema sana. Kama uchovu wa wananchi ungekuwa unaondoa viongozi, nusu ya marais wa bara hili wangekuwa wanafuga kuku. Chama humwondoa kiongozi wake mambo mawili yanapokutana: waliomzunguka wamegundua kwamba kubaki naye kutawapotezea viti, na kalamu ya kupanga majina imeshahamia mkono mwingine. Likikosekana moja, hata wananchi waimbe barabarani mwaka mzima, mtu yupo.

Chukueni Afrika Kusini, maana pale mambo yalifanyika hadharani na namba zake zipo. Tarehe 31 Machi 2016 Mahakama ya Katiba ilisema wazi kwamba Rais Jacob Zuma alishindwa kuiheshimu Katiba katika sakata la fedha za umma zilizojenga makazi yake ya Nkandla. Mahakama ya juu kabisa, lugha nyeupe. Akabaki. Wananchi wakaandamana. Akabaki. Tarehe 8 Agosti 2017 wapinzani wakapeleka bungeni hoja ya kutokuwa na imani naye, na Spika Baleka Mbete akaruhusu kura ya siri, jambo ambalo lilikuwa limepiganiwa mpaka mahakamani. Bunge lina viti 400, kwa hiyo zilitakiwa kura 201. Zikapatikana 177 za kumwondoa, 198 za kumbakiza, na 9 hazikuegemea popote. Wapo wabunge zaidi ya 20 wa ANC, chama cha Zuma kilichokuwa kinatawala, waliokiasi chama chao gizani, lakini wengi walimlinda. Kwa kura ya siri! Hakuna aliyekuwa anawaona, na bado walimlinda.

Miezi sita baadaye, Februari 2018, Bunge ni lilelile, wabunge ni walewale waliochaguliwa mwaka 2014, Nkandla ni ileile. Safari hii chama chenyewe ndicho kinamwambia aondoke. Kilichobadilika ni nini? Wananchi walikasirika zaidi kati ya Agosti na Februari?

Kilichobadilika ni Desemba. Kwenye mkutano mkuu wa ANC wa kuchagua rais wa chama, pale Nasrec, Johannesburg, Cyril Ramaphosa alipata kura 2,440 na Nkosazana Dlamini-Zuma, aliyeungwa mkono na Zuma, akapata 2,261. Tofauti ni kura 179, watu wanaoweza kupanda mabasi matatu. Kuanzia siku ile urais wa chama haukuwa wa Zuma tena. Na Afrika Kusini wakati ule mbunge hakupigiwa kura kwa jina lake jimboni. Aliingia kwa orodha ya chama. Ukiwa wa tano kwenye orodha umelala usingizi, ukiwa wa mia tatu umeanza kutafuta kazi. Uchaguzi ulikuwa 2019. Mbunge aliyemlinda Zuma Agosti alikuwa anailinda nafasi yake kwenye orodha, na mbunge huyohuyo aliyekuwa tayari kumtosa Februari alikuwa anailinda nafasi hiyohiyo. Yeye hakubadilika hata kidogo.

Na angalieni jinsi ilivyofanyika, maana hapa ndipo wengi wanapochanganya. Halmashauri Kuu ya ANC ilikaa Pretoria tarehe 12 Februari mpaka usiku wa manane, ikaamua "kumrudisha" kada wake, yaani kumtaka aachie ofisi. Neno hilo halimo kwenye Katiba ya nchi. Katiba inajua milango miwili tu ya kumng'oa rais: kifungu cha 89, theluthi mbili ya Bunge kwa kosa zito au kushindwa kazi, na kifungu cha 102, wingi wa kawaida kwa kutokuwa na imani. Barua ya chama peke yake haimwondoi rais ofisini hata kwa dakika moja. Zuma alilijua hilo, ndiyo maana aliomba apewe kati ya miezi mitatu na sita, kama mpangaji anayetafuta nyumba nyingine. Kilichomtoa ni tangazo la tarehe 14 kwamba kesho yake wabunge wa ANC wangeiunga mkono hoja ya kutokuwa na imani iliyoletwa na EFF, chama cha upinzani. Alifanya hesabu, usiku huohuo akajiuzulu. Kesho yake Bunge likamchagua Ramaphosa.

Sasa hapo umma uko wapi? Umma ulikuwa sebuleni unaangalia taarifa ya habari, kama sisi.

Haya, nitakubali jambo moja, kwa shingo upande. Hasira ya wananchi hufika ndani ya chama pale mbunge anapotegemea jimbo kuliko orodha. Uingereza ni hivyo. Tarehe 6 Juni 2022 wabunge wa chama tawala cha Conservative walimpigia Waziri Mkuu wao, Boris Johnson, kura ya imani. Kanuni yao ilikuwa rahisi: asilimia 15 ya wabunge wa chama, wakati ule 54, wanaandika barua kwa mwenyekiti wa Kamati ya 1922, kamati ya wabunge wa chama wasio mawaziri, na ni yeye peke yake anayejua zimefika ngapi. Johnson alishinda 211 kwa 148, na kwa kanuni hizo alikuwa salama mwaka mzima. Halafu tarehe 23 Juni chama kikapoteza viti viwili kwa siku moja kwenye chaguzi ndogo, kimoja kikiwa Tiverton and Honiton, ambako kilikuwa kinaongoza kwa zaidi ya kura 24,000. Hapo kila mbunge akaenda kuangalia kura zake mwenyewe. Tarehe 5 Julai jioni mawaziri wawili wakubwa, Sajid Javid na Rishi Sunak, wakaondoka kwa kupishana dakika, na nyuma yao wakafuata makumi. Nadhim Zahawi alipewa uwaziri wa fedha usiku ule wa tarehe 5. Tarehe 7 asubuhi akamwandikia hadharani aliyempa kazi kwamba aondoke. Hata kiti kilikuwa hakijapata joto. Siku hiyohiyo Johnson akatangaza kwamba anaachia.

Kwa hiyo sawa, wapiga kura wa Tiverton wana mchango wao. Lakini nani alimchagua aliyefuata? Liz Truss alipata kura 81,326 za wanachama wa chama, katika nchi yenye watu zaidi ya milioni 60. Hakumaliza hata siku 50 ofisini, na waliomwondoa ni masoko ya fedha kwanza, wabunge baadaye. Aliyemfuata, Sunak, safari ile hakupigiwa kura na mwanachama yeyote; aliwekewa kizingiti cha wabunge 100 wa kumpendekeza, wenzake wakajitoa, akapita. Mawaziri wakuu watatu ndani ya miezi miwili, na mwananchi hajaulizwa. Aliulizwa tarehe 4 Julai 2024, na jibu lake lilikiacha chama kile na viti 121. Hiyo ndiyo ilikuwa sauti ya umma, nayo ilichelewa karibu miaka miwili.

Kwa wale wa "kasalitiwa": usaliti wa nani? Walimpandisha kwa hesabu, wakamshusha kwa hesabu.

Kuna hasara nyingine ambayo washangiliaji hawaihesabu kabisa. Kiongozi aking'olewa na chama haondoki peke yake, anaondoka na watu. ANC walimtoa Rais Thabo Mbeki Septemba 2008, siku nane tu baada ya hukumu ya Jaji Nicholson iliyoashiria kwamba siasa zimeingilia mashtaka ya Zuma. Januari 2009 mahakama ya rufaa ikaitupa hukumu hiyo. Sababu imekufa, lakini rais ameshatoka, na nani angemrudisha? Waliokasirika wakaunda chama chao, COPE, wakachukua viti 30 mwaka uleule. Zuma mwenyewe alipotoka ilionekana amekwisha, lakini mwaka 2024 akaja na chama cha MK, kikapata viti 58, na ANC ikashuka hadi asilimia 40 kwa mara ya kwanza tangu 1994. Mtu unayemtoa kwa mlango wa nyuma anazijua njia zote za kuingilia.

Turudi Harare, maana ndiko video ilikotoka. Mugabe alimfukuza kazi makamu wake, Emmerson Mnangagwa, tarehe 6 Novemba. Wiki moja na ushee baadaye magari ya jeshi yakawa barabarani. Tarehe 18 watu walijaa mitaani, wakapanda kwenye magari ya kijeshi, wakapiga picha na askari, wakawakumbatia. Furaha ile ilikuwa ya kweli, na sitaki kuwadharau; mtu aliyetawaliwa na mmoja tangu 1980 ana haki ya kucheza. Lakini kesho yake, tarehe 19, Kamati Kuu ya chama chake, ZANU-PF, ndiyo iliyomvua uongozi wa chama na kumpa hadi saa sita mchana ya tarehe 20 ajiuzulu, la sivyo Bunge limshtaki. Wajumbe waliomwimbia sifa miaka na miaka walishangilia. Tarehe 24 Mnangagwa akaapishwa. Tarehe 1 Agosti 2018, siku mbili baada ya uchaguzi, askari wa jeshi lile lile lililokumbatiwa Novemba walifyatua risasi katikati ya Harare na watu sita wakafa.

Hicho kipande hakimo kwenye video.

Na sisi tusijifanye watazamaji tu. Januari 1984, Halmashauri Kuu ya CCM ilikaa Dodoma, na Aboud Jumbe, Rais wa Zanzibar na Makamu Mwenyekiti wa chama, akatoka pale akiwa amejiuzulu nyadhifa zake zote. Maelezo yaliyotolewa yamebaki kwenye lugha yetu mpaka leo: "kuchafuka kwa hali ya hewa ya kisiasa". Aliyechukua nafasi Zanzibar, Ali Hassan Mwinyi, mwaka uliofuata akawa Rais wa Muungano. Wananchi waliambiwa baada ya kikao. Hawakuandamana kumtoa, hawakuombwa maoni kumbakiza.

Wanaosema "siku moja na huku" basi wafungue Katiba ya Jamhuri ya Muungano, ibara ya 46A, waache kupiga ramli. Hoja ya kumshtaki Rais inahitaji taarifa ya maandishi yenye sahihi za wabunge wasiopungua asilimia 20 ya wabunge wote, imfikie Spika siku 30 kabla ya kikao. Kisha theluthi mbili ya wabunge wote ili kuunda kamati ya uchunguzi. Kamati ikimaliza, theluthi mbili nyingine ili kumwondoa. Sasa fungueni ibara ya 71: mbunge akiacha kuwa mwanachama wa chama kilichompeleka bungeni, ubunge umekwisha. Na mgombea binafsi haruhusiwi, kwa hiyo akifukuzwa hana pa kurudia mpaka chama kingine kimpokee. Zisomeni ibara hizo mbili kwa pamoja, halafu mniambie mbunge wa chama tawala, chama chochote, atakayeweka sahihi ya kwanza ni wa namna gani. Sahihi ya mwisho ni rahisi, kila mtu anaitaka. Ya kwanza ndiyo inayomaliza mtu.

Wavuvi wa pale Mwaloni wanalijua hili kuliko wanavyojidai. Tajiri akibadilisha nahodha, mtumbwini kuna kelele na vicheko wiki nzima. Halafu unafika usiku wa kugawana: petroli inatolewa kwanza, chakula kinatolewa, fungu la tajiri linatolewa, na kinachobaki mkononi mwa mvuvi ni kilekile cha nahodha wa zamani. Hakuna anayetuma video ya usiku huo.

Kwa hiyo video ya Harare ikikufikia leo jioni, na itakufikia, usimwangalie anayecheza. Wapitie waliomzunguka, safu kwa safu, uwatafute walioingia bungeni mwaka 2013 kwa kuinadi picha ya mzee yuleyule kwenye mikutano yao. Ukimaliza kuwahesabu, ndipo uiforward.