Sensa ilinihesabu mimi

Najua mmeshasikia. Yule jamaa yangu wa zamu ya usiku, ambaye hakuwepo, hakuona, na alichonacho ni voisi ya mtu aliyekuwa anacheka tu, ameshatangaza kila kundi kwamba "fundi kapigwa na mashine mara tatu mbele ya bosi, kalia". Sikulia. Machozi yalitoka, ila yale yalikuwa mambo ya mbavu. Na mara tatu mbele ya bosi si kweli. Tutafika hapo.

Kwa kuwa habari imeshatoka bila ruhusa yangu, bora niitoe mwenyewe, angalau itoke na vipimo vyake.

Mnaujua ule mkanda wa maboksi ninaoulalamikia hapa kila wiki. Boksi linakuja, sensa (jicho la umeme la mashine) inaliona, kisukumio cha hewa kinalipiga ubavuni, linadondokea kwenye rola, linakwenda mezani. Sensa ya zamani ilikufa, nikaletewa mpya, ya kisasa, ina skrini ndogo ya namba juu yake. Ni ile aina inayotoa taa yenyewe na kusoma mwanga unaorudi kutoka kwenye kitu kilicho mbele yake. Haihitaji kioo cha kurudishia mwanga upande wa pili. Naomba mkumbuke hilo, kwa sababu kwenye kikao nilisimama mimi, kwa mdomo wangu huu huu, nikasema: "Wakubwa, uzuri wa hii haihitaji riflekta."

Asubuhi ilikwenda kwenye kupanga muda wa sensa. Hapa nilifanya vizuri na nitataka hilo liandikwe. Tatizo letu la siku zote lilikuwa boksi moja kuhesabiwa mawili: juu ya boksi kuna gundi ya utepe inayong'aa, taa ikiigonga kwa pembe mbaya mwanga unaruka kwingine, ishara inakatika kidogo, inarudi, kaunta inasema mbili. Dawa yake ni kuchelewesha kuzima. Ishara ikikatika, sensa ivumilie kidogo kabla ya kuamini kwamba boksi limeondoka.

Ivumilie kiasi gani? Mkanda unakwenda nusu mita kwa sekunde. Boksi lina sentimita 30, kwa hiyo linakaa mbele ya taa milisekunde 600. Nafasi kati ya boksi na boksi ni sentimita 20, yaani milisekunde 400. Mimi kwa ukarimu wangu nikaweka 500. Sensa ikawa mvumilivu kuliko nafasi yenyewe. Kabla haijakubali kwamba boksi la kwanza limeondoka, la pili limeshafika. Kwake yeye lilikuwa boksi moja refu kama treni. Nikashusha mpaka 50. Safi.

Kisha nikaweka kuchelewa kuwaka: 400. Maana yake kitu kikae mbele ya taa milisekunde 400 mfululizo ndipo kisukumio kipige, na hapo boksi linakuwa limefika sawasawa mbele ya bamba lake. Mkono ukipita haraka, haina habari. Karatasi ikipeperuka, haina habari. Inangoja kitu kitulie. Shikeni hilo pia.

Ikabaki kuifundisha. Kitufe kimoja: unaweka boksi mbele yake, unabonyeza, inameza namba, unaondoa boksi, unabonyeza tena, inameza namba ya pili, halafu inaweka kizingiti chake katikati, yaani namba ambayo ishara ikiivuka ndipo inaamini kuna boksi. Mtoto anaweza. Mtoto angeweza, tena asingekuwa na kitambi.

Nikasimama upande wa pili wa mkanda, upande wa rola, nikashika boksi kwa mkono wa kushoto, nikajinyoosha juu ya mkanda nibonyeze kwa mkono wa kulia. Ili nifike, tumbo ikabidi liegemee ukingo wa mkanda. Tumboni nimevaa nini? Riflekta. Ile ya njano, yenye ukanda wa kung'aa unaozunguka kiuno. Na boksi, katika kule kujinyoosha, lilikuwa limesogea nusu kiganja nje ya taa.

Nikabonyeza. Skrini: 9,400. Nikapiga mluzi. Ishara nzito! Nikabeba boksi nikaliweka mezani, nikarudi kwa kuzunguka upande wa sensa, nikabonyeza mara ya pili. Skrini: 60. Kizingiti kikajiweka 4,730. Niliziandika namba hizi kwenye daftari kwa mwandiko mzuri kabisa, nikapiga mstari chini.

Washa mkanda.

Boksi la kwanza likapita. Kisukumio kimya. La pili, kimya. La tano, la sita, yote yakapita yakiniangalia, yakaenda kujirundika mwisho wa mkanda mmoja juu ya mwingine. Nikasimamisha. Nikashuku waya. Kahawia kwenye volti 24, buluu kwenye sifuri, nyeusi ya ishara kwenda PLC, ile kompyuta inayoendesha mashine, yote sawa. Nikabadilisha kebo nzima. Nikawasha tena. Kimya.

Nikazunguka upande wa rola, nikainama kusoma skrini. 9,380. Kumbe iko vizuri! Nikatulia kidogo niitazame. Hapo ndipo boksi lililokuwa linapita likanijia nyongani kama mkwe mwenye deni.

Wadau, niliumia na nikafurahi kwa wakati mmoja. Kisukumio kimefanya kazi! Nikaruka nyuma, nikajishika, nikasema "eeh, imekubali." Maboksi manane yaliyofuata yakapita bila kuguswa. Nikainama tena niangalie kulikoni. 9,410. Nikatulia. Paa! Mbavu, upande ule ule.

(Watu wa usalama, nawaona mnaandika. Ndiyo, valvu ya hewa ilitakiwa ifungwe kabla sijaweka kiungo chochote pale. Nimeshaitwa, nimeshasaini. Pumzikeni.)

Mtu mwenye akili angekaa chini akajiuliza kwa nini mashine inafanya kazi pale tu yeye anapoinama. Mimi nilihitimisha kwamba ina hitilafu ya mara moja moja, na dawa ya hitilafu ya namna hiyo ni shahidi. Nikamwita bosi.

Akaja na dada wa ubora, yule wa koti jeupe anayeongea taratibu. Nikawaweka upande wa sensa. Mwenyewe nikabaki upande wa rola, kama mwalimu mbele ya ubao.

"Mzee, sensa yenyewe haina shida. Ishara imejaa tele. Tatizo liko kwenye PLC." Nilisema hivyo. Nilimsingizia PLC, kiumbe asiyeweza kujitetea.

"Imejaa kiasi gani?" bosi akauliza.

"Elfu tisa na mia nne, mzee. Kizingiti ni elfu nne mia saba na thelathini. Tuna karibu mara mbili ya tunachohitaji."

Akainamisha kichwa akasoma kwa upande wake. "Mimi naona sitini."

"Haiwezekani."

"Sitini. Sasa boksi linapita... mia saba na themanini. Sasa sitini."

Nikacheka kile kicheko cha fundi anayemuonea mteja huruma. "Mzee, samahani, namba hizo zinataka jicho lililozoea." Nikainama, tumbo ukingoni, nikanyoosha kidole kwenye skrini. "Hii hapa. Elfu tisa mia nne na..."

Hapa naomba tuende polepole, maana mimi mwenyewe nikilala usiku naiona hivi hivi.

Kidole changu kiko hewani. Bosi anaangalia skrini, anaona namba imepanda kweli, nyusi zinapanda nazo. Dada wa ubora haangalii skrini. Anaangalia tumbo langu. Anaangalia kwa ule utulivu wa mtu anayetafuta kasoro kwenye boksi. Mimi naona anaangalia, nadhani kuna mchuzi. Nashusha macho. Katikati kabisa ya ukanda wangu wa kung'aa kuna doa jekundu la mwanga, dogo kama punje ya mtama, linawaka kama sigara gizani.

Nikalielewa. Wallahi nililielewa lote palepale: boksi lililokuwa nje ya taa, 9,400, kizingiti, maboksi yaliyopita yakiniangalia. Nililielewa ndani ya milisekunde 400, na milisekunde 400 ndizo nilizoiambia sensa isubiri.

Nikasikia hewa, tss. Nikaona pembe ya boksi inageuka kuja kwangu. Nilikuwa na muda wa kusema neno moja na neno lililonitoka lilikuwa "samahani". Sijui nilikuwa namwomba nani, bosi au boksi. Likanikuta mbavu zile zile, safari hii nikiwa nimejikunja mbele, kwa hiyo pumzi yote niliyokuwa nayo ikatoka kwa sauti ambayo sitaiandika hapa. Nikakaa kwenye rola. Rola kazi yake ni kubeba kilichosukumwa kwenda mezani. Zikafanya kazi yake. Nikaondoka taratibu, nimekaa, nikiwa nimekumbatia boksi, macho yangu na ya bosi yakiwa yameshikana, mpaka meza ya kufungashia iliponipokea.

Msichana wa pale mezani, mchapakazi, mkono wake ulikuwa umeshafika kwenye lebo.

Hakuna aliyecheka. Hilo ndilo lililoniumiza. Dada wa ubora akaniita kwa sauti ile ya upole: "Fundi, hebu rudi pale uliposimama." Nikarudi. "Elfu tisa mia nne," bosi akasoma. "Sogea nyuma." Nikasogea. "Sitini." "Njoo." "Elfu tisa." "Rudi." "Sitini." Walinipeleka mbele na nyuma kama mlango wa kabati, mara nne, na mara zote nne kisukumio kilifyatuka kikapiga hewa tupu, kwa sababu dada alikuwa na akili ya kuzuia maboksi kwanza.

Halafu bosi akauliza, kwa sauti ya mtu anayetaka kujifunza kwa dhati: "Kwa hiyo hii sensa inajua boksi likoje?"

Nikajibu ukweli. "Inajua boksi ni mimi, mzee."

Basi, mvua ya vicheko. Mpaka aliyekuwa juu ya ngazi akishughulikia bomba akashuka acheke vizuri. Nikasikia mtu nyuma akisema serikali huwa inatangaza siku ya sensa mapema ili watu wakae majumbani, huyu kahesabiwa kazini. Na kweli, ukilifikiria: kizingiti 4,730, na boksi halisi linarudisha 780. Ni kama kujenga kizingiti cha mlango kikafika kifuani, halafu ukae ndani ushangae mbona wageni hawaingii. Mgeni pekee aliyeweza kuruka alikuwa mwenye kitambi kinachong'aa. Nimesimama kikaoni nikaisifia sensa isiyohitaji riflekta, kisha nikaipelekea riflekta mwenyewe, kiunoni.

Marekebisho hayakufika dakika kumi. Nilifunga hewa, nikasimama pembeni, boksi nikaliacha likae peke yake mbele ya taa mpaka nilione doa jekundu juu ya karatasi yake, nikabonyeza: 780. Nikaondoa: 60. Kizingiti 420. Upande wa pili nikafunga bamba jeusi lisilong'aa, ili tumbo la mtu yeyote lisiingilie tena mazungumzo ya sensa na boksi. Ziada ya ishara siyo kubwa kama ile niliyojivunia, na vumbi likikaa kwenye lenzi itapungua zaidi, kwa hiyo kuifuta lenzi kila zamu sasa kumeandikwa kwenye ratiba, mbele ya jina langu. Maboksi yakapita, kisukumio kikapiga, kaunta ikaenda. Hakuna aliyekuja kuangalia.

Sasa turudi kwenye hesabu. Mara tatu, sawa, ila mbili za kwanza nilikuwa peke yangu, mbele ya bosi ni moja. Jamaa arekebishe voisi yake. Niliandika hivyo kwenye kundi nikadhani yamekwisha.

Saa ya kubadilishana zamu akaja karani wa stoo, kalamu sikioni, karatasi mkononi, mtu ambaye hajasikia lolote maana alishinda ofisini.

"Fundi, mfumo unaniambia asubuhi hii mkanda umehesabu maboksi 9 na kuyatoa. Nimepita mezani, nimepita kwenye pallet, sioni hata moja. Yako wapi?"

Nikakumbuka kwamba kaunta nayo inasoma ishara ile ile ya sensa. Tatu za mbavu, nne za kupelekwa mbele na nyuma, na mbili ambazo naona niliinama hakukuwa na boksi la kunisukumia.

Nikachukua kalamu yake. Pale palipoandikwa "mpokeaji" nikatia saini.