SP kwa wajawazito wa Kanda ya Ziwa: dawa imechoka, au sisi ndio tunaichosha?

Mwezi uliopita nilimsindikiza mdogo wangu kliniki, kwenye zahanati moja ya kandokando ya ziwa hapa Mwanza. Mimba ya miezi mitano. Nesi alimpa vidonge vitatu na kikombe cha maji, akasimama mbele yake mpaka vyote viliposhuka. "Hii ni SP mama, ya kukukinga na malaria wewe na mtoto." Mdogo wangu akafungua mkoba arudishe kadi, na humo ndani nikaona kikopo cha vidonge vya njano: foliki asidi ya miligramu 5, aliyoinunua duka la dawa la jirani na kuimeza kila siku, "ya kuongeza damu". Hakuna aliyemuuliza. Nami nilinyamaza mpaka tulipokuwa ndani ya daladala, na kunyamaza kule kunaniuma hadi leo.

Kuhusu SP kuna ubishi wa siku nyingi. Wanaotaka iondolewe kliniki wana hoja nyepesi kueleweka: mwaka 2001 Tanzania iliifanya dawa ya kwanza ya kutibu malaria badala ya klorokwini, na kufikia mwishoni mwa 2006 ikawa imeshindwa, ikapisha dawa mseto. Dawa iliyoshindwa kumtibu mgonjwa itamkingaje mjamzito? Wanaotaka ibaki wanakumbusha kwamba Shirika la Afya Duniani bado linaielekeza: tangu 2012, kila hudhurio kuanzia miezi mitatu ya pili ya mimba, dozi na dozi zipishane walau mwezi mmoja, na mama apate zisizopungua tatu.

Huwezi kuzipima hoja hizi bila kuingia ndani ya kimelea chenyewe.

Kikishaingia kwenye chembe nyekundu ya damu, kimelea hiki kina kama saa 48 za kujizidisha, na kimoja hutoka kikiwa zaidi ya kumi. Kila kinachozaliwa kinahitaji nakala yake ya vinasaba, navyo huandikwa kwa herufi nne: A, T, G na C. Kinapokwama ni kwenye T. Seli zetu zinaweza kuokota malighafi ya T iliyokwisha kutumika zikaitumia tena. Kimelea hakiwezi, lazima kiiunde, na kuiunda kunataka folati, vitamini ambayo foliki asidi ni aina yake ya vidonge. Sisi folati tunaila kwenye matembele, majani ya kunde, maharage, maini. Chenyewe kinajua kuijenga hatua kwa hatua, kama fundi wa mtumbwi anavyounga ubao kwa ubao pale mwaloni Kirumba.

Ubao mmojawapo unaitwa PABA. Salfadoksini, ambayo ndiyo S ya SP, imefanana nao kiasi kwamba kimeng'enya cha kimelea, yaani protini inayofanya kazi ya kuunga, huipokea na kuigongomea mahali pake. Ubao umekaa, ila unaofuata haushiki, na mtumbwi unaishia hapo. Pirimethamini, ile P, inakaba kimeng'enya kingine mbele kidogo, kinachoiandaa folati iingie kazini. Hicho hata sisi tunacho, lakini pirimethamini hukishika cha kimelea kwa nguvu kubwa mno kuliko chetu. Kile cha kwanza binadamu hatuna kabisa. Ndiyo maana mama anameza dozi nzima kwa mkupuo, na kinachonyimwa T ni kimelea.

Septrini nayo hufuata njia hiyohiyo, na ndiyo sababu mjamzito mwenye VVU anayetumia septrini kila siku hapewi SP juu yake.

Upande wa kwanza una ushahidi mzito. Kimeng'enya ni mnyororo wa amino asidi, na kosa dogo la kunakili vinasaba hubadilisha pingili moja. Kwenye kimeng'enya kinachokabwa na pirimethamini, pingili za 51, 59 na 108 zimebadilika. Kwenye kile cha salfadoksini, 437 na 540. Vimelea vyenye mabadiliko yote matano vimeenea Afrika Mashariki. Sehemu nyingine, hasa kaskazini mashariki mwa Tanzania, imeongezeka ya 581, na hapo SP hulegea zaidi. Kimeng'enya kimejifunza kuukataa ubao bandia.

Lakini mjamzito anayepewa SP si mgonjwa anayetibiwa. Shabaha ni kupunguza vimelea vinavyojificha kwenye kondo la nyuma, ambako huiba chakula cha mtoto bila mama kuhisi homa. Na hapa matokeo yanashangaza. Mwaka 2023 yalitoka majibu ya utafiti mkubwa uliofanyika Kenya, Malawi na Tanzania, ukiilinganisha SP na dawa mpya zaidi, dihidroatemisini-piperakwini. Dawa mpya ilizuia malaria vizuri zaidi, lakini matokeo ya mimba kwa ujumla hayakuwa bora kuliko ya SP. Maelezo yanayotolewa sana ni kwamba SP ina faida nyingine nje ya malaria. Kwa vile bakteria wengi nao hujijengea folati, nayaona yana mantiki, ingawa suala hilo halijafungwa.

Kuna jingine linalonifanya niegemee upande wa kuibakiza. Kagera, ng'ambo ya ziwa letu, vimeshapatikana vimelea vyenye mabadiliko yanayohusishwa na usugu dhidi ya atemisini, mhimili wa dawa mseto. Kuwapa wajawazito wote dawa ya jamii hiyo, kama ile mpya ya utafiti, ilhali wengi hawaumwi, ni kuongeza shinikizo kwenye ngome tuliyobaki nayo.

Ninachowapa wapinzani bila kusita ni hiki: neno "kukukinga" linabeba kuliko dawa inavyoweza. Mama akilisikia anaweza kuacha chandarua, au akapata homa akasema si malaria, nilishakunywa SP. Homa ikija ni kwenda kupima, hata kama vidonge alivimeza juzi.

Sasa nirudi kwenye kile kikopo. Mwaka 1940 Donald Woods alionyesha kwamba bakteria wakiongezewa PABA, dawa za salfa, jamii ya salfadoksini, hukosa nguvu: mbao halisi zikiwa tele, ule bandia haumkwamishi fundi. Foliki asidi nyingi hufanya zaidi ya hapo, maana kimelea kinaweza kuchukua folati iliyo tayari kwenye damu ya mama na kuiruka hatua ya salfadoksini. Utafiti wa magharibi mwa Kenya, uliochapishwa 2006, uliwafuatilia wajawazito waliotibiwa malaria kwa SP. Waliopewa miligramu 5 za foliki asidi kwa siku, matibabu yalishindwa karibu mara mbili ya wale wa miligramu 0.4, ambao hawakutofautiana na wasiopewa kabisa. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani uko wazi: miligramu 5 au zaidi zisiende pamoja na SP, kipimo kidogo cha kila siku hakina shida.

Kwa hiyo tunabishana kuhusu pingili ya 540, ambayo nesi hana la kuifanya, huku kidonge cha njano kikivuka dirisha la duka la dawa bila swali. Usugu upo, sikatai. Lakini sehemu ya udhaifu wa SP tunaitengeneza wenyewe.

Sisemi mama atupe vidonge kwa kusoma haya. Wapo walioandikiwa miligramu 5 na daktari kwa sababu maalumu: mwenye selimundu, na Kanda ya Ziwa tunao wengi, anayetumia dawa za kifafa, aliyewahi kuzaa mtoto mwenye mgongo wazi. Hao waonyeshe vidonge vyao kabla ya kupokea SP, mtoa huduma apange.

Mdogo wangu hakuwa mmojawapo. Siku ya pili tulirudi na kikopo mkononi. Nesi alikigeuza, akasoma maandishi, akakiweka pembeni, akamwambia aendelee na FeFo za kliniki, vidonge vya madini ya chuma na foliki asidi ya kipimo kidogo. Kisha akamgeukia mama aliyefuata kwenye benchi, kabla hajamimina maji: "Na wewe mama, nyumbani unameza dawa gani?"