Doria ya mtaa ianze magharibi

Mtaani kwetu hapa Ngamiani, jijini Tanga, filimbi ya ulinzi shirikishi husikika usiku umeshakuwa mkubwa, milango imekomewa na watu wamelala. Naiheshimu kazi hiyo, ila kwa maoni yangu inachelewa. Yanayotukera zaidi hutokea kati ya magharibi na isha na muda mfupi baada ya hapo: bangi inavutwa waziwazi kijiweni, wasichana wanaotoka tuisheni wanatupiwa matusi, simu zinakwapuliwa na watu wa pikipiki. Barabara zetu za namba zimepangana na kukatizana. Mkwapuaji akikunja kona mbili tu, humwoni tena. Ikifika saa 7 usiku, mlinzi anachunga maduka yaliyofungwa.

Na mlinzi wa jioni hahitaji rungu. Anahitaji kujua huyu mtoto wa nani na anakaa barabara ya ngapi. Mtu mzima anayepita vibarazani akiamkiwa shikamoo, akauliza hali ya nyumbani, akakaa kidogo, huyo anazuia mengi bila kumgusa mtu. Ni vigumu kijana kumtukana binti wa watu mbele ya mzee aliyemwamkia sasa hivi. Ningependa akina mama nao wawemo, hasa wanaouza chapati na mihogo ya kukaanga barazani. Wao wanaona kila anayepita, na hakuna anayewauliza.

Wapo wanaosema bila viboko vijana hawasikii, na hutaja sungusungu, vile vikundi vya wananchi vya kujilinda. Sungusungu walizuka Usukumani na Unyamwezini mwanzoni mwa miaka ya 1980, wananchi walipochoshwa na wizi wa ng'ombe na ujambazi, na mwaka 1989 sheria ikawatambua. Lakini kijana wa miaka 16 anayecheza kamari nyuma ya nyumba si jambazi. Akipigwa, mtaa unapata adui, na mama yake hatatoa taarifa tena hata akiona mwizi dirishani kwa jirani. Mlinzi akimkamata mtu kwa kosa la jinai amkabidhi polisi bila kuchelewa. Kelele za muziki na ugomvi wa majirani apeleke kwa mwenyekiti wa mtaa. Kupiga si kazi yake hata siku moja.

Kuna suala la fedha, na hapa ndipo ulinzi mwingi unapofia. Mchango unakusanywa mlango kwa mlango, risiti hakuna, asiye nacho anafokewa mbele ya wanawe. Halafu mlinzi mwenyewe anakaa miezi bila posho. Mlinzi asiyelipwa atajilipa kutoka mifukoni mwa anaowakamata, tusijidanganye. Mapato na matumizi yabandikwe ukutani ofisi ya mtaa kila mwezi, kila mtu asome.

Doria hiyohiyo inaweza pia kuorodhesha vijana wasio na kazi ili waunde vikundi na kuomba mikopo ya halmashauri, ambako asilimia 4 ya mapato ya ndani hutengewa vijana. Wengi wa vijiweni hawajui hata pa kuanzia.

Mkutano wa mtaa ukiitishwa nitaomba mambo mawili yajadiliwe: saa za doria na daftari la michango. Majirani mnaokubaliana nami, njooni siku hiyo. Tukiwa wachache hoja itaahirishwa.